Wapagazi na Theluji

Katika vilima vilivyo kati ya Ngara na Biharamulo, pande za Bisibo na majirani zake, kipupwe hakiji na theluji. Huja na ukungu wa alfajiri, na umande unaolowesha miguu mpaka magotini, na upepo unaowafanya wazee wasiondoke karibu na moto mpaka jua limepanda. Hiyo ndiyo baridi tuijuayo sisi. Katika nchi za kaskazini majira ya baridi ni jambo jingine kabisa. Majani yakisha kupukutika, watu wa huko hupanda baiskeli za milimani wakapenya katika misitu yenye matope. Ardhi ikiganda, huvaa mbao za skii. Na theluji ikizidi kina, huendesha vigari vya theluji vyenye mkanda nyuma na mbao mbili za kutelezea mbele. Hayo yote huitwa michezo, na vitabu vyake ni vingi kuliko awezavyo mtu kuvisoma.

Swali la makala haya ni dogo. Watu wa nchi zetu wenye kusema Kiswahili walikutana lini na theluji, na kwa hali gani? Jibu langu ni kwamba wengi wao walikutana nayo wakiwa na mizigo vichwani, na kwamba habari za milima yetu zitabaki nusu mpaka mizigo hiyo itiwe katika hesabu.

Na tuanze na njia, maana mlima haufikiwi ila kwa njia. Ushubi, nchi ambayo wasafiri wa zamani waliiandika Usui, ilikuwa mlango wa kuingilia Karagwe kwa misafara iliyotoka Unyanyembe. Katika mwaka wa 1861 walipita hapo Waingereza wawili, Speke na Grant, wakitafuta chemchemi ya mto Nile. Mtawala wa nchi, ambaye Speke amemwandika kwa jina la Suwarora, aliwatoza hongo nzito ya nguo na shanga na waya, na malalamiko ya Speke juu ya hongo hiyo yanajaza kurasa. Mimi sioni ajabu yake. Mwenye mlango hutoza, na forodha za Ulaya za zama hizo hazikuwa na huruma zaidi. Linalonivuta mimi ni watu waliokuwa nyuma ya Speke: waungwana wa Unguja pamoja na Wanyamwezi, kila mpagazi na mzigo wake wa ratili 60 au 70, yaani kilo 30 hivi, na kiungo chao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akarudi pwani mtu huru.

Speke alifanya jambo moja ambalo wengi waliomfuata hawakulifanya. Mwishoni mwa kitabu chake alitia orodha ya watu wake kwa majina, na mbele ya jina akaonyesha yaliyompata mtu huyo. Hakufanya hivyo kwa mapenzi tu. Watu wale walikuwa wakidai mishahara, na mwenye deni hana budi kuyajua majina ya wanaomdai. Walakini faida yake imetufikia. Tunawajua watu waliopita Ushubi katika mwaka ule, kumi na wanane kati yao wakafika mpaka Misri, wakapigwa picha Cairo kabla ya kurudishwa kwao. Msomaji na alitie jambo hili moyoni, maana tutalihitaji tukifika mlima Karisimbi.

Theluji yenyewe iliingia katika vitabu vya Wazungu kwa kinywa cha mtu wa pwani. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai na wapagazi wachache na mwavuli wake, aliona weupe juu ya Kilima Njaro, akadhani ni wingu. Alimwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani. Kiongozi hakuwa na jina la kile kitu, alijibu neno moja tu, “baridi.” Naam, hakukosea. Lugha yetu leo ina maneno mawili ya jambo hilo, theluji lililotoka Uarabuni na barafu lililotoka Uajemi, yote mawili yakaja kwa njia ya bahari. Bali mtu yule, asiyekuwa na hata moja la kumfaa pale, alitaja kile ambacho mwili hukijua kwanza. Rebmann akafahamu mara moja kuwa ni theluji. Habari yake ilipochapishwa mwaka wa 1849, mwanajiografia mmoja wa London, William Desborough Cooley, aliikanusha kwa miaka mingi, akisema kwamba theluji karibu na mstari wa ikweta haiwezekani. Cooley hakupata kukanyaga Afrika ya Mashariki.

Lakini ni kosa kudhani kwamba Rebmann ndiye aliyeanza kuitafiti theluji ile. Yeye mwenyewe aliandika mambo aliyoyasikia Uchagani: kwamba watu wamewahi kuuteremsha ule weupe katika chombo, wakakuta chomboni maji matupu. Na aliandika habari nyingine iliyo nzito zaidi. Rungua, mtawala wa Machame, baba yake Mamkinga, alipeleka watu juu ya mlima wakachungue kitu kile cheupe ni nini. Katika kundi zima alirudi mtu mmoja, jina lake Sabaya, na mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Basi huyo ndiye mtafiti wa kwanza wa Kibo ambaye jina lake limebaki. Hakwenda kwa kupenda, wala hakupewa nishani, na jambo alilolileta kutoka mlimani alilileta katika viungo vyake mwenyewe. Ningependa wanafunzi wetu walijue jina la Sabaya kama wanavyolijua la Rebmann.

Baada ya hapo walipanda wengine. Baron von der Decken alifika mita 4,200 na zaidi katika mwaka wa 1862, theluji ikamwangukia usiku. Katika mwaka wa 1871 mmisionari Charles New, kwa ruhusa ya Mandara wa Moshi, aliigusa theluji ya kudumu kwa mikono yake. Watu wake waliachwa nyuma mmoja mmoja kwa ajili ya baridi, akabaki na mtumishi wake Tofiki karibu na mwisho wa safari. Haya nayapitia upesi, kwa sababu ni mwaka wa 1889 unaotupa mfano ulio wazi kuliko yote.

Mwaka huo Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, walifika kileleni tarehe 6 Oktoba. Kila mwanafunzi anajua hayo. Si wengi wanaojua jinsi walivyoweza. Meyer alikuwa amejaribu mara mbili kabla yake akashindwa, na somo alilojifunza ni kwamba mlima ule haushindwi kwa miguu bali kwa chakula. Kwa hivyo aliweka kambi kwa ngazi: kambi kubwa Marangu, nyingine mahali miti inapokwisha, na hema dogo mita 4,300 hivi, baina ya Kibo na Mawenzi. Wapagazi walipanda na kushuka kati ya kambi hizo wakileta kuni na chakula. Na katika hema la juu alikaa nao mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, siku baada ya siku kwa muda wa nusu mwezi, akipika, akilinda vitu, akiwangoja wenziwe watoke barafuni. Wao wawili walikuwa na viatu vya misumari, miwani ya kukinga macho na mwanga wa theluji, na mifuko ya kulalia. Yeye alikuwa mtu wa mji wa pwani, alikozoea jua na minazi. Meyer alimtaja kwa jina, na kwa hilo anastahili shukrani. Katika hadithi zilizofuata, jina la Mwini Amani limefifia. Mahali pake limekuja jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, mzee aliyeheshimiwa sana katika mwaka wa 1989, ilipotimia miaka 100 ya kupandwa kwa mlima, akajengewa nyumba, akafariki mwaka wa 1996. Wataalamu wanabishana juu ya umri wa mzee huyo na juu ya nafasi yake katika safari ile. Ubishi huo wenyewe ni ushahidi: kama wapagazi wote wangeandikwa vizuri, pasingekuwa na la kubishania.

Sasa turudi magharibi. Kutoka Ushubi mpaka maporomoko ya Rusumo, ambayo leo yamo katika wilaya ya Ngara, si mbali. Hapo ndipo Count von Götzen, aliyetoka Pangani na msafara mkubwa, alipouvuka mto Kagera mwanzoni mwa Mei 1894 akaingia Rwanda. Na mwezi uliofuata akapanda Nyiragongo, mlima wa moto. Baada yake njia ya milima ya Virunga ilifunguka. Mwaka wa 1907 Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg alianza safari ya utafiti kutoka Bukoba, pamoja na wataalamu wa mimea, wanyama, mawe na watu, na mamia ya wapagazi. Mtaalamu wake wa mawe na volkeno, Egon Kirschstein, alibaki kuchunguza Virunga mlima kwa mlima. Mwezi wa Februari 1908 alikuwa juu ya Karisimbi, mlima wa mita 4,507, uliozidi yote katika safu ile.

Msafara wake ulikuwa ukipita katika shimo pana la volkeno, mahali palipo na majimaji, waliloliita Branca kwa jina la profesa mmoja wa Kijerumani, ndipo ilipowashukia dhoruba ya mvua ya mawe na theluji. Wapagazi walikuwa watu wa nchi za joto, na nguo zao zilikuwa nguo za nchi za joto. Walilowa. Wakaweka mizigo chini, wengi wao wakakaa, wasitake kuinuka tena. Kirschstein na waliokuwa na nguvu waliwavuta na kuwabeba wale walioweza kuwaokoa. Wapagazi 20 walikufa pale pale katika theluji, chini ya nyuzi mbili tu za ikweta.

Napenda kusimama hapa kidogo, maana vitabu vya safari za zamani vina kawaida ya kueleza vifo vya namna hii kwa maneno ya tabia. Husemwa kwamba mpagazi hukata tamaa upesi, kwamba humwachia Mungu mambo yote, kwamba hana ile nia ya kuishi. Elimu ya mwili imetufundisha vingine. Hewa hupoa kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000 mtu anapopanda. Kwa hivyo aliyetoka bonde la Kagera na kufika karibu na kilele cha Karisimbi amepoteza digrii 20 hivi, hata kabla dhoruba haijaanza. Nguo ikilowa huacha kuwa nguo. Maji huuondoa moto wa mwili mara nyingi kuliko hewa kavu, na upepo huzidisha. Damu hukimbia mikono na miguu ili kuulinda moyo. Mtu hutetemeka, kisha, joto la ndani likizidi kushuka, kutetemeka hukoma, ulimi huwa mzito, akili huchanganyika, na hamu ya pekee inayobaki ni kukaa na kulala. Kwa hiyo kule kukaa chini hakukuwa ila ugonjwa wenyewe, uliokwisha kufika pabaya. Mzungu aliyevaa sufi na viatu na koti la mvua angekaa vile vile kama angevaa shuka ya merikani. Na tofauti ya mavazi haikuletwa na dhoruba. Ilipangwa bohari, siku ya kufunga mizigo, wakati palipoamuliwa nini kibebwe na nani avishwe.

Hapa ndipo ile orodha ya Speke inaponirudia. Watu waliopita Ushubi mwaka wa 1861 wana majina. Waliokufa Karisimbi mwaka wa 1908, karibu nusu karne baadaye, katika safari yenye wataalamu wa kila elimu waliohesabu mimea na wadudu na kuipa majina ya Kilatini, hukumbukwa kwa hesabu: ishirini. Ndugu zao walioko kwao, wakiuliza nani alikufa wapi, waliambiwa nini?

Mtu asije akafikiri kwamba Waswahili hawakuwa na la kusema juu ya nchi za baridi. Walipopata nafasi walisema, tena kwa ufasaha. Katika mwaka wa 1896 Salim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na bwana wake, Mjerumani Theodor Bumiller, katika safari ya Urusi na Siberia, mpaka katika milima ya Altai. Habari zake, kwa Kiswahili chake, zimo katika kitabu Safari za Wasuaheli alichokitoa Carl Velten mwaka wa 1901. Salim hakwenda kule kwa hiari kamili, alikuwa mtumishi. Lakini kalamu humgeuza mtumishi kuwa shahidi. Katika vitabu vya Wazungu ni Mwafrika anayetazamwa, naye Mzungu ndiye mtazamaji. Kwa Salim mambo yamepinduka. Warusi wanakusanyika kumtazama mtu mweusi, naye anawatazama wanavyomtazama, akayaandika. Anapima nyumba zao, chakula chao, mavazi yao na usafi wao kwa kipimo cha pwani, na akikuta Waislamu wenziwe katika nchi ile ya mbali hujiona yuko karibu na kwao kuliko bwana wake alivyo. Yeye haiiti safari yake ushujaa. Ni safari tu, na katika safari mtu hutazama, huuliza bei, husali, hula apewacho.

Mbele yake na nyuma yake walikuwako wengine walioonja majira ya baridi ya Ulaya kwa sababu ya kazi ya kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin: Amur bin Nasur, aliyekaa huko kuanzia mwaka wa 1891 mpaka 1895, na Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyefika mwaka wa 1900. Sisi tunaofundisha leo ni wajukuu wa watu hao katika kazi hii, na pengine tungejifunza kutoka kwao kuandika habari za safari bila ya kujisifu.

Nimesema kwamba kwa watu wetu theluji ilikuwa kazi kabla ya kuwa mchezo. Si kwetu tu. Hata kile kigari cha theluji kimezaliwa na shida. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Quebec nchini Kanada, alifiwa na mwanawe mdogo katika majira ya baridi ya mwaka wa 1934, kwa sababu njia zilikuwa zimezibwa na theluji na hospitali haikufikika. Gari lake la kwanza lililofaulu lilikuwa la kubeba wagonjwa, waganga na watoto wa shule. Kigari chepesi cha kuchezea kilikuja mwaka wa 1959. Baiskeli nayo ina nyuso mbili. Katika vilima vya Ngara hubeba mikungu ya ndizi, magunia na madumu ya maji, na panapo mwinamo mkali mwenyewe hushuka akaisukuma. Juu ya Kilima Njaro ilifika kama mchezo, mwishoni mwa mwaka wa 1984, Waingereza wawili wa ukoo mmoja, Nicholas na Richard Crane, walipopanda nazo mpaka kileleni ili kukusanya fedha za kujenga mitambo ya upepo ya kuvutia maji katika Afrika ya Mashariki. Mahali pengi hawakuwa juu ya baiskeli. Baiskeli zilikuwa juu ya mabega yao. Nakiri kwamba nawapenda kwa hilo, kwamba walau walibeba vyao.

Na mchezo wenyewe ulimfikia Mwafrika wa Mashariki. Katika mwaka wa 1998 Mkenya Philip Boit, aliyeanza kujifunza skii miaka miwili tu kabla yake kwa gharama ya kampuni moja ya viatu ya Marekani, alishindana katika mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani. Alikuwa wa mwisho. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni mwa njia, sherehe ya nishani ikachelewa, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Watu waliicheka habari hiyo, wengine wakasema ni hila ya biashara. Na biashara ilikuwamo, hapana shaka. Lakini alikuwa mtu wa kwetu katika theluji, amevaa vizuri, hana mzigo, na jina lake limeandikwa kifuani na katika matokeo.

Mizigo bado ipo. Kilima Njaro hupandwa leo na maelfu ya wageni kila mwaka, na nyuma ya kila mgeni kuna wapagazi kadhaa. Sheria ya hifadhi inaweka mwisho wa mzigo kuwa kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani langoni. Kilo 20 ni nafuu kubwa kwa aliyesoma habari za ratili 70. Lakini mizani haipimi koti wala viatu, na baridi ya usiku juu ya mita 4,000 haijapunguzwa na sheria yoyote. Kwa sababu hiyo wapo wanaowaazima wapagazi nguo za mlimani kabla hawajapanda, na mimi naona kazi hiyo ina maana zaidi katika historia yetu kuliko sanamu nyingi.

Barafu yenyewe inatoweka. Wapimaji wamekadiria kwamba sehemu 85 katika mia ya barafu iliyokuwako Kilima Njaro mwaka wa 1912 ilikuwa imekwisha kufikia mwaka wa 2007. Mto wa barafu ambao Purtscheller aliuchonga ngazi kwa shoka, hatua kwa hatua, Mwini Amani akiwangojea chini, umebaki mabaki. Siku nyingi za mwaka mpagazi wa leo hupita juu ya changarawe na mwamba mkavu, na huweza kufika kilele cha Uhuru na kushuka asikanyage theluji hata kidogo.